Kwa Nguvu za Mikono: Nusu Karne ya Marathoni ya Viti vya Magurudumu

Mwaka 1975 mkurugenzi wa Boston Marathon, Will Cloney, aliletewa ombi ambalo kanuni za mashindano yake hazikulitarajia. Kijana wa Massachusetts aitwaye Bob Hall, aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni, aliomba kushiriki akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Cloney hakumfukuza, lakini pia hakumpokea kwa mikono miwili. Alimwekea sharti: akimaliza kilomita 42.195 ndani ya muda aliopangiwa, atapata cheti kama mkimbiaji mwingine yeyote. Tarehe 21 Aprili, siku ambayo Bill Rodgers alishinda mbio hizo kwa saa 2:09:55, Hall aliingia Boston baada ya saa 2 na dakika 58. Cheti akakipata. Hapo marathoni kubwa ikawa imemtambua rasmi, kwa mara ya kwanza, mtu aliyeimaliza kwa mikono yake.

Hall hakuwa wa kwanza kuipita barabara hiyo kwa magurudumu. Mwaka 1970 Eugene Roberts, askari aliyepoteza miguu yote miwili katika vita vya Vietnam, alijisukuma kutoka Hopkinton, mbio zinapoanzia, hadi Boston kwa zaidi ya saa sita. Hakuwa na kundi la kushindana nalo, wala hakuwekewa sharti lolote la muda. Alichoacha ni ushahidi kwamba njia ile inapitika. Mtindo huo ulijirudia karibu kila mahali katika historia ya mchezo huu: kwanza mtu anaikata barabara, kisha waandaaji wanaandika kanuni.

Ukubwa wa jambo alilolifanya Hall unaonekana vizuri zaidi tukitazama michezo ya watu wenye ulemavu ilikuwa imefikia wapi wakati ule. Chimbuko lake ni Hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, ambako daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alifungua mwaka 1944 kitengo cha wagonjwa walioumia uti wa mgongo. Wengi wao walikuwa askari vijana. Kabla ya hapo wagonjwa wa aina hiyo walilazwa chali wakisubiri vidonda na maambukizi yawamalize. Guttmann aliwatoa kitandani na kuwapa mipira, pinde na mishale. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wagonjwa 16 walishindana kulenga shabaha kwa mishale kwenye viwanja vya hospitali. Kutoka hapo ndipo yalipozaliwa mashindano ya Roma ya mwaka 1960, ambayo leo yanahesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza.

Hata hivyo, kwa miaka mingi madaktari ndio walioamua mwili wa mtu aliyepooza unaweza kustahimili nini. Mbio za viti vya magurudumu zilipoingia Paralimpiki ya Tokyo mwaka 1964, zilikuwa za mita 60 tu. Mita 200, 400, 800 na 1500 ziliongezwa Toronto mwaka 1976. Kwa maneno mengine, mwaka ambao Hall alijisukuma kilomita 42, Paralimpiki ilikuwa bado haijaandaa hata mbio za kilomita moja na nusu.

Baada ya cheti cha Hall, mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1977 Boston ilipokea ubingwa wa taifa wa marathoni ya viti vya magurudumu. Hall alishinda kwa saa 2:40:10, na Sharon Rahn akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza Boston kwa kiti, kwa saa 3:48:51. Rahn alikuwa amepooza tangu akiwa na miaka tisa, alipopigwa risasi kwa bahati mbaya. Mwaka 1980 Curt Brinkman, aliyepoteza miguu yote miwili, alitumia saa 1:55:00. Bingwa wa wakimbiaji mwaka huo, Rodgers yule yule, alitumia saa 2:12:11. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu mtu wa kiti atakiwe kuthibitisha kwamba anaweza kumaliza. Sasa alikuwa mbele ya mkimbiaji bora kwa zaidi ya dakika 17.

Ushindi wa namna hiyo ulizaa ubishi mpya. Kama kiti kina kasi kuliko miguu, je, hiyo bado ni marathoni?

Jijini New York ubishi huo ulifika mahakamani. Klabu inayoandaa New York City Marathon ilishikilia kwamba mbio zake ni za miguu, na kwamba magurudumu katikati ya maelfu ya wakimbiaji ni hatari. Watetezi wa watu wenye ulemavu walisema barabara ya jiji ikifungwa kwa ajili ya michezo, hakuna raia wa kuachwa kando yake. Mwaka 1982 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo iliipa klabu ushindi: mwandaaji wa mbio za miguu halazimiki kisheria kuweka mbio za viti. Watu wa viti walizidi kufika katika barabara za New York kwa njia moja au nyingine, lakini hadi mwaka 2000 ndipo kitengo chao rasmi cha ushindani kilipoanzishwa. Umbali kati ya cheti cha Boston na hatua hiyo ya New York ni miaka 25.

London ilikuwa na kisa chake. Chris Brasher, bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1956 katika mbio za kuruka viunzi na maji, aliianzisha London Marathon mwaka 1981 pamoja na John Disley, na mwanzoni hakutaka viti katika mbio zake. Halmashauri ya jiji ilimbana mpaka akakubali, na mwaka 1983 viti viliingia. Gordon Perry alishinda upande wa wanaume kwa saa 3:20:07, na Denise Smith upande wa wanawake kwa saa 4:29:03. Katika barabara hizo hizo Tanni Grey-Thompson wa Wales alikuja kushinda mara sita, na David Weir, mtoto wa London, mara nane.

Japani ilichagua njia tofauti kabisa. Daktari Yutaka Nakamura wa mkoa wa Oita alikwenda Stoke Mandeville mwaka 1960 kujifunza kwa Guttmann, akarudi nyumbani na azma ambayo wenzake wengi waliiona ni ukatili: kuwatoa wagonjwa wodini na kuwapeleka uwanjani. Alikuwa miongoni mwa nguzo za Paralimpiki ya Tokyo ya 1964. Mwaka uliofuata alianzisha katika mji wa Beppu kituo kiitwacho Taiyo no Ie, yaani Nyumba ya Jua, ambako watu wenye ulemavu walifanya kazi za mshahara badala ya kuishi kwa sadaka. Baadaye kampuni kama Omron, Sony na Honda zilifungua viwanda kwa ubia na kituo hicho. Nakamura alitaka viti vishiriki marathoni kubwa ya mkoa wake, ile ya kutoka Beppu hadi Oita. Alipokataliwa kwa hoja kwamba kanuni zinataka mtu akimbie kwa miguu, aliandaa mbio zake mwenyewe. Novemba 1981 Oita ikawa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya barabarani yaliyotengwa kwa ajili ya viti vya magurudumu peke yake. Mwanzoni yalikuwa nusu marathoni, na mwaka 1983 yakawa marathoni kamili.

Nakamura alifariki mwaka 1984, akiwa ameyaona matunda ya kwanza tu. Barabara tambarare za Oita ziligeuka kuwa mahali pa kuvunjia rekodi. Mwaka 1999 Heinz Frei wa Uswisi alimaliza hapo kwa saa 1:20:14, na muda huo ukasimama kuwa rekodi ya dunia kwa miaka 22. Aliyeuvunja ni Mswisi mwenzake, Marcel Hug, kwa saa 1:17:47, papo hapo Oita, Novemba 2021. Hiyo ni kasi ya wastani wa zaidi ya kilomita 32 kwa saa. Kwa kulinganisha, Kelvin Kiptum wa Kenya, alipoikaribia saa mbili kamili kuliko mtu yeyote hadi wakati huo katika marathoni rasmi ya miguu, alitumia saa 2:00:35 huko Chicago mwaka 2023.

Mikono haikupata kasi hiyo peke yake. Viti vya miaka ya 1970 vilikuwa ndugu wa viti vya wodini: chuma kizito, mara nyingi zaidi ya kilo 20, vyenye magurudumu manne na mgongo mrefu wa kuegemea. Waendeshaji walianza kuvikata wenyewe gereji. Walitoa mikono ya kiti, wakapunguza mgongo, wakafunga matairi membamba ya baiskeli za mashindano. Hall aligeuza ubunifu huo kuwa kazi, akafungua karakana ya kutengeneza viti vya mbio. Katika miaka ya 1980 magurudumu mawili madogo ya mbele yalibadilishwa na gurudumu moja lililotangulia mbali mbele, kiti kikarefuka, kikatulia kwenye mteremko. Magurudumu ya nyuma yalilazwa kwa ndani upande wa juu ili mikono isikwaruzwe na kona zisikipindue kiti. Leo kiti cha mbio cha alumini au kaboni huwa na uzito wa takriban kilo nane hadi kumi. Kile alichotumia Hug mwaka 2021 kilibuniwa kwa msaada wa wahandisi wa Sauber, kampuni ya Uswisi inayojulikana kwa magari ya Formula 1.

Mwendeshaji hukaa amekunja magoti chini ya mwili, kifua kikielekea chini. Hashiki gurudumu kwa viganja. Amevaa glavu ngumu, na kwa glavu hizo huipiga ringi ndogo iliyofungwa ubavuni mwa gurudumu, akiisukuma kuelekea chini kisha kuiachia, makumi ya mara kwa dakika. Kanuni hazimruhusu gia wala mnyororo. Mlimani kila kilo ya mwili na ya chuma huvutwa na mabega yake, na mteremkoni huenda kwa kasi inayoweza kupita kilomita 50 kwa saa huku breki yake ikiwa moja, ndogo. Boston huanza kwa mteremko, na mwaka 1987 viti vilivaana mwanzoni tu kwenye lami iliyolowa. Baada ya ajali hiyo waandaaji waliweka utaratibu wa kudhibiti mwendo wa kundi mpaka mteremko wa kwanza uishe. Hatari haijaisha. Mwaka 2024 Hug aligonga kizuizi kwenye kona katika mji wa Newton, akapinduka, akasimamisha kiti chake, akaendelea, na bado akaweka rekodi ya njia ya Boston kwa saa 1:15:33. Muda huo hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia kwa sababu Boston huteremka mno na mwisho wake uko mbali na mwanzo.

Upande wa wanawake historia hii ina ushindani ambao mchezo wowote ungejivunia. Candace Cable alishinda Boston mara sita kati ya 1981 na 1988. Akafuata Jean Driscoll, aliyezaliwa na mgongo wazi na kufunzwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, shule kuu ya mchezo huu Marekani. Alishinda mara saba mfululizo, kuanzia 1990 hadi 1996. Kisha akaja Louise Sauvage wa Australia na kumpokonya ubingwa mara tatu mfululizo. Mwaka 1998 wote wawili waliandikiwa muda mmoja, 1:41:19, na waamuzi wakampa Sauvage. Driscoll alirudi mwaka 2000 na kuchukua taji la nane. Umati uliojipanga barabarani haukuwa unamtazama mgonjwa anayejitahidi. Ulikuwa unatazama wanariadha wawili waliojuana udhaifu wao, mmoja hodari wa mlima, mwingine hodari wa mita za mwisho.

Afrika iliingia katika orodha hiyo kupitia Ernst van Dyk, Mwafrika Kusini aliyezaliwa bila miguu kamili. Kuanzia 2001 hadi 2014 alishinda Boston mara kumi. Muda wake wa mwaka 2004, saa 1:18:27, ulikuwa wa kasi kuliko wote uliowahi kuandikwa katika njia hiyo hadi wakati huo.

Tatyana McFadden aliupeleka mchezo mbele kwa njia mbili. Alizaliwa Leningrad mwaka 1989 akiwa na mgongo wazi, akalelewa katika kituo cha yatima ambako hakukuwa na kiti, hivyo alijifunza kutembea kwa mikono. Baada ya kuasiliwa na familia ya Marekani, akiwa sekondari huko Maryland, alidai mahakamani haki ya kushindana uwanja mmoja na wanafunzi wenzake, na akaipata. Kesi hiyo ilizaa sheria ya jimbo ya mwaka 2008 inayozitaka shule ziwape wanafunzi wenye ulemavu nafasi ya michezo. Mwaka 2013 alishinda Boston, London, Chicago na New York, zote katika mwaka mmoja.

Baiskeli ya mikono ina historia yake, na mara nyingi huchanganywa na kiti cha mbio. Yenyewe ina mnyororo, gia na pedali zinazozungushwa kwa mikono mbele ya kifua, na mwendeshaji hulala au kupiga magoti. Kwa sababu ya gia hizo, sheria za michezo huiweka katika mbio za baiskeli, na matokeo yake hayachanganywi na ya viti. Iliingia Paralimpiki Athens mwaka 2004. Uzuri wake ni kwamba inawapokea watu wengi: aliyeumia mabega, aliyeanza mchezo ukubwani, hata aliyechoshwa na ringi. Frei aliihamia baadaye na kushinda medali ya fedha katika Paralimpiki ya Tokyo mwaka 2021, akiwa na miaka 63. Van Dyk naye alipata dhahabu ya baiskeli ya mikono Beijing mwaka 2008. Alex Zanardi wa Italia, aliyewahi kuwa dereva wa Formula 1 na aliyepoteza miguu katika ajali ya mwaka 2001, alishinda mbio za baiskeli za mikono za New York mwaka 2011, kisha dhahabu mbili katika Paralimpiki ya London.

Pesa zilichelewa kufika kuliko heshima. Mfululizo wa marathoni kubwa za dunia ulianza kuwa na msimu rasmi wa viti mwaka 2016. Mwaka 2024 London ikawa ya kwanza kutangaza kwamba mshindi wa kiti na mshindi wa miguu watalipwa kiasi sawa, dola 55,000 kila mmoja.

Afrika Mashariki, nyumbani kwa mabingwa wa marathoni ya miguu, bado haina jina katika orodha ya washindi wa viti wa Boston. Sababu si mikono. Katika miji yetu, kutoka Kariakoo hadi Gikomba, kuna watu waliopooza kwa polio wanaoendesha baiskeli nzito za magurudumu matatu kutwa nzima, wakipandisha milima na mizigo ya biashara nyuma. Baiskeli hiyo ni ndugu wa baiskeli ya mikono ya mashindano, tofauti yake ni uzito na gia. Kiti cha mbio cha kisasa hugharimu dola elfu kadhaa, bei ambayo hata vyama vya michezo huishindwa.

Walakini mwanzo upo. Anne Wafula Strike, aliyezaliwa magharibi ya Kenya na kupata polio akiwa mtoto mdogo, aliiwakilisha Kenya katika mbio za viti kwenye Paralimpiki ya Athens mwaka 2004, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kilimanjaro Marathon ya Moshi imewahi kuwa na mbio za kilomita 10 za viti na baiskeli za mikono, na Nairobi Marathon imekuwa na mbio za viti za kilomita 21. Utaalamu pia upo. Moshi ndiko kilipo chuo cha TATCOT, kilichoanza mwaka 1981 katika viwanja vya hospitali ya KCMC na kinachofunza mafundi wa viungo bandia na wa viti vya magurudumu kutoka nchi nyingi za Afrika. Nairobi kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu kilichoundwa mwaka 1958, ambacho karakana zake hutengeneza viti na baiskeli za magurudumu matatu.

Kilichofanya Boston na Oita zifanikiwe kinaweza kufanywa Moshi, Nairobi na Dar es Salaam bila kungoja msaada wa mbali. Viti vianze dakika kadhaa kabla ya wakimbiaji, ili njia iwe wazi. Viti na baiskeli zitenganishwe katika matokeo, na za mtaani zisipimwe na za kaboni. Zawadi zilingane. Fundi mwenye spana na tairi za akiba awe njiani, na vilabu vya riadha viwe na viti vichache vya mbio ambavyo mwanafunzi anaweza kuazima mwaka mzima, si asubuhi ya mashindano tu. Karakana za TATCOT na APDK zinajua kuchomelea fremu. Zinahitaji mashirikisho ya riadha na wadhamini wa marathoni waagize viti vya mbio kwa idadi inayotosha kuunda timu.